Uzito wa Neno "Kawaida"

Katika nyumba zenye mzazi aliyetoka kujifungua, baada ya "hongera" neno linalosikika zaidi ni "kawaida". Mtoto anapiga chafya mfululizo: kawaida. Kinyesi chake cha kwanza ni cheusi kama lami: kawaida. Ngozi inatoka maganda mikononi na miguuni: kawaida. Na siku ya pili au ya tatu, weupe wa macho unapoanza kugeuka njano, mtu mzima aliyepo atachungulia, atatikisa kichwa kwa upole na kusema neno lile lile.

Nataka kulihoji neno hilo la mwisho. Lingekuwa la uongo, kazi ingekuwa rahisi: tungewafundisha watu waache kulisema, mambo yakaisha. Shida ni kwamba ni la kweli, tena la kweli mara nyingi sana. Mimi nasomea maadili ya tiba katika shahada ya uzamili, na swali ambalo limekuwa likinisumbua ni hili: je, kauli iliyo kweli kwa watoto wengi inaweza kuwa dhuluma inapoambiwa mama mmoja?

Tuanze na kwa nini ni kweli. Mtoto akiwa tumboni hapumui hewa. Oksijeni yake hupitia kwenye kondo la nyuma, na ili imtoshe, damu yake hubeba seli nyekundu nyingi kuliko atakazozihitaji akishaanza kupumua mwenyewe. Akizaliwa, za ziada huvunjwa. Tena seli zake hazidumu: za mtu mzima huishi siku 120 hivi, za kichanga huishi kati ya 70 na 90. Kila seli inayovunjika huacha bilirubini, rangi ya njano ile ile inayoonekana mahali palipovia damu baada ya siku kadhaa. Kabla hajazaliwa, bilirubini hiyo ilivuka kondo na kusafishwa na ini la mama. Sasa kazi hiyo ni ya ini lake mwenyewe, ambalo ndiyo kwanza linaanza kuijifunza. Taka zinazalishwa haraka, mfagiaji bado mgeni. Rangi hupanda, hufika kileleni kati ya siku ya tatu na ya tano, kisha hushuka yenyewe, na kwa mtoto aliyetimiza miezi yake huisha ndani ya wiki mbili hivi. Katika kila watoto 100 waliotimiza miezi, karibu 60 huonekana kuwa na manjano katika wiki ya kwanza. Kwa njiti ni karibu 80.

Kitu kinachowapata watoto 60 kati ya 100 huwezi kukiita ajabu. Anayesema "kawaida" ana hesabu upande wake.

Lakini hesabu hiyo hiyo ina mkia. Kwa watoto wachache bilirubini haishii pale inapotarajiwa. Inazidi kupanda mpaka inavuka kutoka kwenye damu na kuingia kwenye ubongo. Mwaka 1904 daktari Mjerumani Christian Georg Schmorl aliupa uharibifu huo jina la *Kernicterus*, maana yake manjano ya viini, kwa sababu alipofungua ubongo wa watoto waliofariki alikuta vile viini vya ndani kabisa vimepakwa rangi. Ni viini vinavyoratibu mwendo wa mwili na njia za kusikia. Mtoto anayepona akiwa na jeraha hilo anaweza kuwa na akili inayoelewa vizuri tu ndani ya mwili usiomtii: shingo inayojipinda, mikono inayocheza bila kuamriwa, macho yasiyoweza kutazama juu, masikio yasiyosikia. Na jeraha likishatokea hakuna dawa ya kulirudisha nyuma. Dirisha la kuokoa ni la siku chache, wakati mwingine la saa.

Hata jina linatuchanganya. Wengi wetu tukisikia "manjano" tunafikiria homa ya manjano, ugonjwa wa virusi unaoenezwa na mbu, ule wa kadi ya chanjo inayoulizwa mipakani. Hilo ni jambo jingine kabisa. Manjano ya kichanga hayaambukizwi na mbu wala mtu. Nimemsikia mama kijana akisema alitulia alipoambiwa mwanawe ana manjano kwa sababu "hiyo si ina chanjo". Na nimemsikia mwingine akiogopa kumnyonyesha mtoto asije akaambukizwa zaidi, wakati kunyonya mara kwa mara ndiyo njia ya kwanza ya kuitoa bilirubini kwa njia ya haja.

Nyumbani kwetu upande wa baba ni Idodi, Iringa Vijijini. Anayekwenda Hifadhi ya Ruaha anaijua barabara: unatoka Iringa mjini kwenye baridi, unashuka, unafika Mloa ambako njia inagawanyika, moja inanyoosha kuelekea hifadhini na nyingine inapita Idodi na Tungamalenga. Kadiri unavyoshuka, makoti yanavuliwa. Chini huko kuna mibuyu, joto, mbu, na majaruba ya mpunga yanayomwagiliwa kwa maji ya mito inayotoka milimani. Kuna Wahehe, Wabena, Wagogo, Wasangu, Wamasai, na wengine waliofuata ardhi na malisho. "Kamwene" itakufikisha mbali, lakini Kiswahili ndicho kinachowakutanisha wote kliniki.

Mwezi wa sita mwaka jana, msimu wa kuvuna mpunga, wifi yangu alijifungua huko mtoto wa kiume. Kituo alichojifungulia sitakitaja; kingeweza kuwa kituo chochote kati ya vingi. Alikaa siku moja, mtoto akanyonya, akachomwa chanjo, wakaruhusiwa. Mlangoni mhudumu alimwambia maneno ambayo wifi aliyakariri kwangu baadaye bila kukosea hata moja: "Akiwa na manjano usiogope, kawaida, mwanike jua la asubuhi."

Siku ya tatu manjano yakaja. Bibi, ambaye amepokea wajukuu wengi kuliko anavyoweza kuwataja kwa majina bila kusita, alisema vivyo hivyo. Mtoto akaanikwa uani, kwenye kitenge, asubuhi. Siku ya nne wifi akaanza kusema sentensi moja kwa kila aliyeingia: "Huyu siye wa jana." Hakuwa na maneno mengine. Mtoto alikuwa analala. Akiwekwa titi anashika mara mbili, anaachia, analala tena. Watu wazima wakamjibu kwamba vichanga kazi yao kulala, kwamba huyu ni uzazi wake wa kwanza, kwamba uchovu unamfanya aone mambo. Jioni alimwambia kaka yangu kwamba yeye anaondoka na mtoto, wakimpa nauli wasipompa. Jirani mmoja akakumbuka namba 115, ile ya mfumo wa m-mama wa kuwasafirisha bure wajawazito, waliojifungua na vichanga wanapopata dharura. Usiku huo wakapandishwa Iringa.

Mimi niliwakuta wodini kutoka Dar es Salaam. Mtoto alikuwa amelala uchi na nepi tu, macho yamefungwa kwa kitambaa, chini ya taa za bluu, kama kitu kilichowekwa chini ya maji. Alikaa chini ya taa hizo siku tatu, akitolewa kunyonya na kurudishwa. Akashuka. Akapona. Leo anakimbiza kuku wa bibi.

Katika tarafa hiyo hiyo yuko mtoto mwingine, mkubwa zaidi. Sitasema wa nani wala wa kijiji gani. Akiwa na siku tano alikuwa na manjano hadi nyayoni, akaambiwa kawaida, akaanikwa, akawa analala sana, kisha akaanza kulia kilio chembamba na kujipinda mgongo kama upinde. Hakufa. Hasikii, na hawezi kushika kikombe. Mama yake ananijua, tulisalimiana na kuongea kwa muda mrefu, na aliniambia kitu ambacho sijakikuta kwenye vitabu vyangu: kwamba anachomlaumu yule nesi si ujinga, kwa sababu nesi hakuwa mjinga. "Alinijibu haraka," alisema. "Alijibu kabla hajamwangalia."

Basi tuwe na wauguzi wawili mawazoni. Wote wanasema neno lile lile, kwa nia njema ile ile, wakiwa wamechoka kiasi kile kile. Mtoto wa kwanza anapona, wa pili anapata ulemavu wa maisha. Je, wametenda sawa? Mwaka 1976 wanafalsafa wawili, Bernard Williams na Thomas Nagel, waliandika juu ya jambo waliloliita bahati ya kimaadili: kwamba tunadai kumhukumu mtu kwa yale tu yaliyo mikononi mwake, lakini kwa vitendo tunamhukumu pia kwa matokeo yasiyokuwa mikononi mwake. Dereva mlevi aliyefika salama tunamkaripia. Dereva mlevi aliyegonga mtoto tunamfunga. Tofauti yao inaweza kuwa ni kwamba mmoja wao hakukutana na mtoto barabarani.

Nilipoisoma hoja hiyo darasani ilinionekania kama fumbo la kuchezea. Idodi iliacha kuwa fumbo. Muuguzi aliyemwambia wifi yangu "kawaida" na muuguzi aliyemwambia mama yule mwingine "kawaida" wametenda kitu kimoja. Kilichowatenganisha ni wifi aliyekuwa mkaidi na jirani aliyekumbuka namba. Tukisema wa kwanza hana kosa kwa kuwa mtoto alipona, tunampa sifa ya ukaidi wa mtu mwingine. Tukisema wa pili ana kosa lote, tunamtwika mtu mmoja mzigo uliofungwa na wengi. Kwa hiyo swali la nani alaumiwe kwa matokeo halitufikishi mbali. Swali lenye tija ni lile la kabla ya matokeo: ni nini hasa tunakifanya tunapotamka neno hilo?

Nafikiri jibu liko hapa. Neno "kawaida" lina sura mbili. Sura ya kwanza ni taarifa: watoto wengi hupata hali hii na hupona. Sura ya pili ni ahadi: mtoto *wako* atapona, nenda kapumzike. Anayesema huwa anatoa taarifa. Anayesikia huwa anapokea ahadi. Mama wa siku tatu, aliyeshonwa, asiyelala, haulizi juu ya watoto 60 kati ya 100. Anauliza juu ya mmoja. Na ukimjibu swali la mmoja kwa jibu la wengi, hujasema uongo, lakini umeacha aondoke na kitu ambacho hukumpa.

Kuna pingamizi, na sitaki kulipita kwa haraka kwa sababu ni zito. Mtu atasema: unataka tuwatishe akina mama wote kwa ajili ya wachache? Hofu nayo ina gharama. Mama aliyetishwa anaweza kuacha kunyonyesha na kuanza kumpa kichanga maji ya glukosi, jambo linalomwongezea hatari. Atapanda gari kwenda mjini na mshono mbichi, atalipa nauli ya kurudi, kaka yangu ataacha mpunga shambani siku mbili, kisha waambiwe mtoto mzima. Safari ya pili hawatakwenda. Wodi itajaa watoto wasioumwa, na taa chache zilizopo zitagombewa. Utulivu wa mzazi ni tiba pia. Maziwa hayatoki vizuri kwa mtu anayetetemeka. Yote haya ni kweli.

Lakini pingamizi hilo linadhani kuna milango miwili tu, wa kutuliza na wa kutisha. Upo wa tatu, na ni wa zamani kuliko hospitali. Fundi mzuri wa nyumba hakwambii "paa halitavuja" wala "paa litavuja". Anakwambia: "Mvua ya kwanza ikinyesha, kagua pale kwenye kona, ukiona unyevu, niite." Hajakuogopesha. Amekupa macho, na amekuachia namna ya kumpata. Ahadi yake ni kwamba ukirudi utamkuta.

Macho hayo kwa habari ya manjano yanaweza kuelezwa kwa dakika mbili. Manjano yakionekana ndani ya saa 24 za kwanza, hayo si ya kusubiri. Mtoto apelekwe siku hiyo hiyo. Kwa ngozi nyeusi usiitazame rangi ya uso peke yake: mtoe mtoto kwenye mwanga wa mchana, bonyeza kidogo ncha ya pua au kifua kisha achia, uone rangi inayobaki kabla damu haijarudi; angalia weupe wa macho, fizi, viganja na nyayo. Rangi huanza usoni na kushuka chini, na ikifika viganjani na nyayoni usingoje kesho. Mtoto asiyeamka kunyonya, anayelegea, anayelia kilio chembamba, anayejipinda mgongo au mwenye homa, huyo ni wa kukimbizwa. Kinyesi cheupe kama chokaa na mkojo wa rangi nzito huashiria tatizo la ini au njia ya nyongo, na manjano yanayopita wiki mbili yanahitaji uchunguzi. Na jicho, hata la mzoefu, hukosea. Kujua kiwango hasa kunahitaji kipimo cha damu au kifaa cha kugusisha kwenye ngozi.

Ni nani aliye hatarini zaidi? Njiti. Mtoto ambaye kundi lake la damu halipatani na la mama. Mtoto aliyevia damu kichwani wakati wa kuzaliwa. Mtoto ambaye ndugu yake aliyetangulia aliwekwa chini ya taa. Na wako wenye upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, hali ya kurithi inayowapata zaidi wavulana na iliyoenea katika nchi zenye malaria, kwa sababu inampa mwenye nayo kinga kiasi dhidi ya malaria kali. Kwenye bonde la joto kama Idodi, zawadi hiyo ya mababu inaweza kugeuka deni kwa mtu asiyejua kusema. Seli zake nyekundu hupasuka kirahisi zikikutana na vitu fulani, kikiwemo kile kidonge cheupe chenye harufu kali tunachoweka sandukuni kuzuia nondo. Nguo za mtoto aliyetangulia, zilizotunzwa kwa upendo na kutolewa siku ya kwanza, zinaweza kumdhuru mdogo wake.

Sasa jua. Wenzangu wa masomo hupenda kulicheka jua la bibi, na mimi nimeacha kucheka tangu niliposoma habari ya Rochford. Mwaka 1956, katika hospitali ya Rochford huko Essex, Uingereza, muuguzi aliyesimamia chumba cha njiti, Sister Jean Ward, alikuwa na mazoea ya kuwatoa watoto wake nje siku za jua. Siku moja aliwaonyesha madaktari mtoto ambaye ngozi yake ilikuwa imepauka isipokuwa pembetatu moja ya njano. Ilikuwa pale palipofunikwa na ncha ya shuka. Kisha ikaonekana kwamba hata sampuli ya damu iliyosahauliwa kwenye mwanga wa jua dirishani ilipungua bilirubini. Mwaka 1958 madaktari Cremer, Perryman na Richards walichapisha makala kwenye jarida la *Lancet* juu ya tiba ya mwanga. Siku hizi tunajua kinachotokea: mwanga wa bluu unabadilisha umbo la bilirubini ili iweze kuyeyuka majini na kutoka kwa nyongo na mkojo bila kulisubiri ini. Jina la Sister Ward halikuwa kati ya waandishi wa makala hiyo.

Kwa hiyo bibi na Sister Ward waliona kitu kimoja. Tofauti ni kwamba mmoja wao aliona mbele ya watu waliokuwa na maabara. Hilo linapaswa kutupunguzia kiburi. Lakini haliwezi kutufanya tuwadanganye watu kwamba jua la uani linatosha. Jua lina mwanga wa bluu, na pia lina miali inayounguza na joto linalokausha maji mwilini. Jua la Idodi saa nne si jua la Iringa mjini saa moja: la kwanza litambabua mtoto, la pili litamwacha na baridi. Kumwanika mtoto dakika chache huku amevalishwa ni kupasha joto kitenge. Mwaka 2015 jarida la *New England Journal of Medicine* lilichapisha jaribio lililofanywa Lagos, Nigeria, ambapo watoto waliwekwa kwenye jua lililochujwa kwa karatasi maalumu za plastiki zinazozuia miali mibaya na kupitisha ile inayofaa, wakipimwa na kuangaliwa na wahudumu. Ilifanya kazi vizuri bila kuzidiwa na mashine za kawaida. Kilicholifanya jua kuwa tiba ni kile kichujio, kipimo, na mtu aliyekaa pembeni akiangalia. Ukiondoa vitu hivyo vitatu, kinachobaki mara nyingi ni njia ya heshima ya kupoteza siku mbili, na siku mbili ndizo mtoto huyu hana.

Hapa ndipo naona lawama ikihamia mahali pake. Ushauri wa "mwanike jua" ukitoka kwa bibi, ni urithi wa mtu aliyefanya alichoweza kwa alichokuwa nacho. Ukitoka kwa mhudumu aliyesomea, ni kitu kingine: ni mfumo unaomkabidhi mama jambo ambalo mfumo wenyewe hauna nafasi nalo. Kituo kisicho na kipimo cha bilirubini kinasema "jua". Kituo chenye taa lakini umeme unakatika kinasema "jua". Muuguzi aliye peke yake na wazazi wanane anasema "kawaida", na neno linamsaidia kufunga mlango. Nchini kwetu, kwa takwimu za utafiti wa kitaifa wa 2022, wanawake 81 kati ya 100 wanajifungulia kwenye vituo vya afya. Hayo ni mafanikio ya kujivunia. Lakini manjano hayaji siku ya kujifungua. Yanafika kileleni siku ya tatu hadi ya tano, wakati mama ameshaondoka na yuko chumbani, kwenye mwanga wa taa ndogo ya sola, ambako mila inamtaka akae ndani na mtoto asitazamwe ovyo. Tumemleta mama kituoni kwa siku moja na kumrudisha nyumbani kwa siku zile ambazo tungemhitaji zaidi.

Miranda Fricker, katika kitabu chake cha 2007, anaeleza dhuluma ya aina yake: kumpunguzia mtu uzito wa ushahidi wake kwa sababu ya yeye ni nani. Nadhani sentensi ya wifi yangu, "huyu siye wa jana", ni ushahidi wa hali ya juu kabisa. Hakuna mashine inayomfahamu mtoto huyo tangu jana isipokuwa yeye. Ila aliisema akiwa binti wa miaka ishirini na mbili, mzazi wa kwanza, mgeni katika ukoo, na kila moja ya sifa hizo iliipunguzia sentensi yake gramu kadhaa mpaka ikabaki nyepesi kama malalamiko. Alichokosa kilikuwa mtu wa kumsadiki. Elimu ya afya tunayoipeleka vijijini humlenga mama kana kwamba yeye ndiye asiyeona. Mara nyingi ameshaona. Wanaohitaji kufundishwa ni sisi tuliokaa kati yake na gari: mama mkwe, kaka, shangazi msomi kutoka Dar es Salaam, muuguzi wa zamu.

Na hili halimwondolei muuguzi wajibu kwa kisingizio cha mfumo. Mfumo haukumzuia yule nesi kubonyeza pua ya mtoto kabla ya kujibu. Upungufu wa vifaa unaeleza kwa nini hukuweza kupima. Hauelezi kwa nini hukutazama. Vilevile hauna maana kwamba mtu atende makubwa. Wajibu ninaouona ni mdogo na wa uchovu: usitoe neno la kutuliza ambalo hujalifanyia kazi, na ukilitoa, lifungie tarehe. "Kawaida kwa sasa. Keshokutwa nirudie nimwone. Akigoma kunyonya usiku, usisubiri keshokutwa, piga 115." Maneno hayo hayazidi pumzi mbili. Yanatuliza vile vile. Ila yanabeba hatari pamoja na mama, badala ya kumwachia yeye peke yake aibebe akidhani hakuna.

Nilimuuliza wifi, mtoto akiwa tayari amepona, kama anamkasirikia yule mhudumu wa siku ya kwanza. Alifikiri, akipepeta mpunga. Akasema, hapana wifi, yule dada alikuwa na watu wengi. Kisha akaongeza kwamba mwezi uliopita jirani yao mmoja alijifungua, na yeye alikwenda siku ya tatu, akaomba watoke na mtoto mlangoni penye mwanga, akambonyeza pua. Alikuwa mweupe wa macho kabisa.

"Nikamwambia kawaida," wifi alisema, "ila nitapita tena kesho."